Laini Ipi? Fundi Ajibu Barua za Wasomaji

Mwezi huu barua nyingi hazikuuliza gundi wala vanishi. Zimeuliza maneno, tena maneno ya mkono: laini, nyororo, kukwaruza, ukakasi. Mhariri aliniuliza kama nizipeleke kwa wataalamu wa lugha. Nikamwambia aniachie. Nimepiga randa na msasa maisha yangu yote, na mtu anayelipwa kwa kulainisha mbao ana haki ya kusema lolote kuhusu neno laini.

Shikamoo Mzee Fundi. Nauza fanicha kwa kutuma picha na maelezo. Chini ya picha ya kiti cha mbao niliandika: "Kiti laini, kimemaliziwa kwa ustadi." Mteja alikipokea na kukirudisha siku hiyohiyo. Anadai nimemdanganya, kiti hakina hata sponji! Mimi nilimaanisha kimepigwa msasa vizuri, ukipitisha mkono hakikwaruzi. Nani yuko sahihi? Na je, ningeandika "nyororo" ningepona? — Muuza viti

Marahaba. Mko sahihi wote wawili, na kiti kimerudi vilevile.

Laini ni neno la kuazima, asili yake Kiarabu, na tangu liingie kwetu limebebeshwa mizigo mitatu. Njia rahisi ya kuitenganisha ni kuuliza kinyume chake. Godoro laini, kinyume chake godoro gumu. Meza laini, kinyume chake meza inayokwaruza. Unga laini, kinyume chake unga wenye chengachenga. Hayo ni mambo matatu yasiyohusiana: la kwanza linahusu kitu kukubali kubonyea, la pili linahusu uso wake, la tatu linahusu ukubwa wa punje. Wewe ulikuwa kwenye la pili, mteja wako akasoma la kwanza. Na kwa kuwa kiti ni kitu cha kukalia, siwezi kumlaumu. Anayetafuta kiti anawaza makalio yake kabla ya kuwaza kiganja.

Kwetu maseremala balaa ni kubwa zaidi, kwa sababu tunasema pia "mbao laini" tukiwa na maana ya aina ya mbao: zile za misonobari na jamaa zake, tofauti na "mbao ngumu" za miti ya majani mapana. Kwa hiyo ubao laini uliotoka tu kwenye msumeno unaweza kukuchoma vibanzi kiganja kizima, na ubao mgumu ukawa laini kiasi cha kujiona uso wako ndani yake. Na kama hiyo haitoshi, balsa, ule ubao mwepesi wa kutengenezea ndege za mfano, kwa hesabu za wataalamu wa miti imo kwenye kundi la mbao ngumu, ingawa ukiubonyeza kwa kucha unabaki na alama. Ndiyo maana ukiniambia "nataka ubao laini" sikujibu mpaka nione mkono wako unafanya nini hewani.

Nasema mkono kwa makusudi. Mwaka 1987 watafiti wawili, Susan Lederman na Roberta Klatzky, walichapisha kazi ambayo ingefaa kubandikwa kwenye kila karakana. Waliwafunga watu macho, wakawapa vitu vya kutambua, wakarekodi mikono yao. Kila swali lilikuwa na mwendo wake. Mtu akitaka kujua kama kitu kinakwaruza, vidole vinakwenda na kurudi juu ya uso. Akitaka kujua ugumu, anabonyeza. Akitaka kujua joto, anaweka kiganja na kutulia. Uzito, ananyanyua na kupimapima. Hakuna aliyefundishwa. Mkono unajua fika kwamba "laini" ya kubonyeza na "laini" ya kupapasa ni mambo mawili. Ni ulimi uliozichanganya.

Sasa ushauri wa biashara: acha sifa, tumia kitenzi. "Kimepigwa msasa, hakikwaruzi wala hakishiki nguo." Hapo hakuna mnunuzi atakayetafuta sponji. Kitenzi kinasema mkono ufanye nini, kwa hiyo kinamwelekeza msomaji kwenye laini unayoitaka wewe.

Kuhusu nyororo, hapana, ingekuponza zaidi. Sikiliza watu wanavyolitumia: ngozi nyororo, nywele nyororo, sauti nyororo, majani machanga. Kuna kubonyea ndani yake na kuna kuteleza, vyote kwa pamoja, na mara nyingi kuna uhai. Mimi kiti cha mbao siwezi kukiita nyororo hata nikikipaka nta mara kumi. Ngozi ya kukifunikia, ndiyo, kama imetengenezwa vizuri.

Mwalimu wangu alinikata alama kwa kuandika "kitambaa nyororo". Anasema ni "kitambaa chororo". Sijawahi kumsikia binadamu yeyote akisema chororo. — Mwanafunzi

Mwalimu wako ana kamusi upande wake. Ukilitafuta neno hili utalikuta limeingizwa kama -ororo, pamoja na kistari, maana yake linabadilika kufuata ngeli. Nyororo ni umbo lake la ngozi na nywele tu. Kwa kanuni hiyo tunapata kitambaa chororo, vitambaa vyororo, mkono mwororo, majani mororo, jani jororo. Ni njia ileile inayopita -eupe: ngozi nyeupe, kitambaa cheupe, mkono mweupe.

Laini halina tabia hiyo kwa sababu ni mgeni. Kitambaa laini, mikono laini, jani laini, halibadiliki, sawa na wageni wenzake safi, ghali na rahisi.

Lakini una hoja. Watu wengi leo wanalichukua nyororo kama jiwe moja lisilogawanyika, na nadhani nusu ya sababu ni kwamba wamelikutanisha na laini mara nyingi mno, likaambukizwa uvivu. Kwenye mtihani andika chororo. Ukiwa unamsifia mtu shati lake, sema unavyosema. Chororo kwa mtu asiyelijua linasikika kama jina la ugonjwa.

Fundi, dukani nilimwomba kijana "msasa laini" akanipa namba 80. Nikamwambia laini zaidi, akanipa namba 60! Aliniambia namba ndogo ndiyo laini. Nimeharibu mlango. Namba hizi zinasemaje hasa? — Baba wa mlango

Kijana alikupa kinyume. Namba kubwa ndiyo msasa laini. Na hapa ni laini ya tatu ile, ya punje.

Asili yake ni chekeche. Zamani namba ilihesabu matundu ya chekeche katika urefu wa inchi moja. Chekeche lenye matundu 80 kwenye inchi lina matundu makubwa kuliko lenye 240, kwa hiyo linapitisha punje kubwa. Matundu yakiongezeka, punje zinapungua. Ukishika hilo hutahitaji kukariri lolote, na hutahitaji kumuuliza mtu dukani.

Kwa vipimo vya Ulaya, vile vyenye herufi P mbele, punje ya P80 ina wastani wa mikromita 201, yaani sehemu ya tano ya milimita. P120 ni mikromita 125. P240 ni 58.5, ambayo ni chini kidogo ya unene wa unywele wa kawaida. Baada ya P220 punje ni ndogo mno hata chekeche linashindwa kuzitenga sawasawa, kwa hiyo viwandani huzipima kwa kuziacha zizame kwenye kimiminika, kubwa zikitangulia kufika chini. Mwendo wa kuzama ndio unaotoa namba.

Angalia hiyo herufi P. Upande wa nyuma wa karatasi ikiwa namba imeandikwa bila P, huenda ni kipimo cha Marekani. Mpaka karibu na 220 tofauti si ya kukunyima usingizi. Juu ya hapo vinaachana vibaya: 400 ya Kimarekani ina punje za mikromita 23 hivi, ambazo ziko karibu na P800, wakati P400 ni mikromita 35. Nimeona watu wakigombana na vanishi isiyo na hatia kwa sababu ya hili tu.

Mlango wako unapona. Namba 60 imechimba mitaro, na mitaro haifutwi kwa kurukia namba 240 moja kwa moja. Karatasi laini itapita juu ya mitaro na kuing'arisha kingo zake, utadhani umemaliza mpaka upake rangi, hapo ndipo kila mstari unajitokeza. Anza na 80 mpaka mikwaruzo ya 60 iishe yote, halafu 120, halafu 180. Kazi ya kila karatasi ni kufuta alama za iliyoitangulia, basi. Sugua kwa kufuata nyuzi za mbao. Mkwaruzo unaokatisha nyuzi unaonekana hata kwa mtu anayepita na baiskeli.

Kabla ya karatasi ya mwisho, futa ubao kwa kitambaa chenye unyevu, uuache ukauke kabisa. Utaukuta umeota vinyweleo. Nyuzi zilizokuwa zimelazwa na msasa zimenywa maji na kusimama. Zipitie kwa wepesi na 240, bila kukandamiza. Usipofanya hivyo sasa, vanishi ya maji itakufanyia yenyewe, na wewe utakuwa umeshaosha brashi.

Kujua kama umemaliza, zima taa ya juu, laza tochi pembeni ili mwanga upite sambamba na ubao. Kila mkwaruzo utatupa kivuli. Halafu vaa soksi nyembamba ya nailoni mkononi, ile ya kike, upapase. Kibanzi ambacho kidole hakikukisikia, soksi itakikamata.

Na kwa kuwa umetaja neno lenyewe: msasa ulikuwa mti kabla ya kuwa karatasi. Wataalamu wanauita Ficus exasperata, ni ndugu wa mkuyu, na majani yake yanakwaruza kiasi kwamba watu walisugulia mbao na vyombo. Hata hilo jina la kitaalamu limebeba maana ya kitu kilichotiwa mkwaruzo. Siku hizi "kupigwa msasa" kumehamia kwenye semina, ambako watu wanakaa siku nzima wakinywa chai na kurudi wakiwa wanakwaruza vilevile.

Mimi ni mwanafunzi wa ufundi mitambo. Tulipima vyuma viwili kwa kifaa cha ncha, vyote vikatoa Ra ya mikromita 0.8. Lakini nikivipapasa kimoja ni laini na kingine kinashika kidole. Mkufunzi anasema kipimo hakidanganyi, kidole ndicho kinadanganya. — Fundi mtarajiwa

Kipimo hakijadanganya na kidole hakijadanganya. Vimeulizwa maswali tofauti.

Kwa wasomaji wasioijua: kifaa hicho kinaburuta ncha ndogo ya almasi juu ya chuma na kuchora milima na mabonde yake. Halafu kinapitisha mstari wa katikati na kukokotoa wastani wa umbali wa uso kutoka mstari huo, juu na chini bila kubagua. Huo wastani ndio Ra. Neno la kushika hapo ni "bila kubagua". Chuma chenye uso tambarare uliotobolewa mitaro membamba, na chuma chenye uso tambarare ulioota miba midogo, vinaweza kutoa Ra moja kabisa. Kidole chako hakiingii kwenye mtaro mwembamba, kinapita juu. Lakini kwenye miba kinapita wapi? Cha kwanza utakiita laini, cha pili utasema kinaparuza, na karatasi ya vipimo itasema ni mapacha.

Muulize mkufunzi kama kifaa chenu kinatoa Rsk. Hiyo inaonyesha uso umeegemea upande gani: ikiwa hasi, mabonde ndiyo yaliyotawala, ikiwa chanya, ni vilele. Watengenezaji wa injini wanaitumia tofauti hiyo kila siku. Ndani ya silinda hawataki uso laini wa kioo, kwa sababu oili haitakuwa na pa kukaa. Wanaichora kwanza kwa mistari inayokatana, halafu wanapita tena kwa wepesi kukata vilele na kuacha mitaro. Pete za pistoni zinateleza juu ya sehemu iliyolala, na oili inabaki mitaroni. Uso huo ni laini na una mikwaruzo kwa wakati mmoja, wala hakuna ukinzani wowote.

Kuhusu kudharau kidole, mwambie kwa heshima. Mwaka 2013 watafiti wa Sweden walitengeneza nyuso zenye mikunjo ya vipimo tofauti, wakawapa watu wazipapase. Mkunjo wenye kimo cha nanomita 13 ulitofautishwa na uso usio na mkunjo. Nanomita moja ni sehemu ya elfu ya mikromita, kwa hiyo ile 0.8 yenu ni nanomita 800. Siri iko kwenye kusogeza. Uso wenye chembe ndogo sana ukiuwekea kidole kikatulia, hutambui kitu. Ukikisogeza, ngozi inatetemeka, na ni mtetemo huo ambao mishipa ya fahamu inausoma. Mjerumani David Katz aliliandika jambo hili la mwendo mwaka 1925, kabla ya vifaa vyenu.

Lakini kuna jambo moja ambalo kidole kweli hakifai: kupima unyoofu. Meza inaweza kuwa laini kila mahali na bado ina bonde katikati, kwa kuwa bonde pana linapanda na kushuka polepole mno. Weka rula ya chuma kwa ubavu, tazama mwanga unaopita chini yake. Ndiyo maana naanza kugombana na mteja anaposema "lainisha hapa" huku akionyesha ubao uliopinda. Huo unahitaji randa. Ukipiga msasa ubao uliopinda utapata ubao laini uliopinda. Mafundi wa bodi za magari wamepata njia ya katikati: wanapitisha kiganja kizima juu ya kitambaa chembamba. Kitambaa kinapunguza kushikashika kwa ngozi, na bonde lililobaki linajitangaza.

Nimebishana na shemeji. Yeye anasema kitu kikiwa laini zaidi kinateleza zaidi, hilo halihitaji shule. Mimi nasema inategemea. Tunakuachia wewe. — Shemeji mwingine

Umeshinda, ila usimtambie sana, maana mpaka mahali fulani ana haki. Kutoka ubao wa msumeno hadi ubao uliopigwa msasa vizuri, kwa kawaida utelezi unaongezeka. Uso ukifikia ulaini wa kioo, mambo yanaweza kugeuka.

Safisha kioo, kaushe, osha na kidole chako, kisha ukikokote taratibu juu yake. Kinanata, kinalia. Sasa kikokote juu ya kioo kilichotiwa ukungu kwa kusuguliwa. Kinapita kirahisi, ingawa hicho ndicho chenye mikwaruzo. Ngozi ya kidole ni tepetepe kidogo, na juu ya uso laini kabisa inagusa eneo kubwa zaidi. Juu ya uso wenye vilele inagusa vilele tu.

Kwenye chuma jambo hili linakuwa kama mazingaombwe. Mswidi Carl Edvard Johansson alibuni mwaka 1896 seti ya vipande vya chuma vya kupimia, vilivyosuguliwa mpaka vikawa laini na bapa kuliko kitu chochote utakachokutana nacho nyumbani. Ukivisukuma viwili vikalaliana, vinashikana bila gundi, unaweza kuviinua kwa kushika kimoja. Mtu atasema ni hewa imevikandamiza, lakini hata kwenye ombwe, mahali palipoondolewa hewa, vinabaki vimeshikana. Nyuso mbili zinapokaribiana hivyo zinavutana zenyewe, na utando mwembamba wa mafuta au unyevu unasaidia.

Tatizo la shemeji yako ni kitenzi kulainisha. Tunasema tunailainisha bawaba kwa mafuta, na mafuta tunayaita kilainishi, kwa hiyo kichwani laini na utelezi vimeshaoana. Lakini mafuta hayajaigusa sura ya chuma hata kidogo. Yamekaa katikati tu, vyuma visikutane. Yafute na bawaba italia vilevile. Yule anayelainisha kwa msasa na yule anayelainisha kwa mafuta wametumia neno moja kwa kazi mbili.

Droo ikigoma, basi, msiisugue kwa msasa mpaka iishe. Sugueni nta kwenye reli zake.

Mzee, mimi ni mwandishi wa habari chipukizi. Mhariri wangu anafuta "ukakasi" kila ninapoliandika, anasema ni neno la mdomoni, si la gazetini. Nimeandika: "Kifungu hiki kina ukakasi kwa kuwa kinasomeka kwa namna mbili," na tena: "Kauli ya mwenyekiti ilikuwa na ukakasi." Anafuta zote mbili. — Kalamu mpya

Mhariri wako ana haki kuhusu lilikozaliwa. Ukakasi ni kile kinachokupata ukiuma tunda bichi: ulimi unakauka, mashavu yanakwaruzana na meno. Wengi wanadhani ni ladha. Si ladha hasa, ni mguso. Tunda bichi lina kemikali iitwayo tanini, tanini inazinasa protini za mate na kuzigandisha, mate yanapoteza utelezi, na nyama ya mdomo inaanza kusuguana yenyewe kwa yenyewe. Ndiyo maana unausikia mpaka ndani ya midomo na kwenye mashavu. Mate ni kilainishi, na tanini imekifuta. Kwa hiyo barua yako imekuja mahali pake. Kwa Kiswahili mdomo nao una neno lake la kukwaruza.

Neno linalohusu mguso likihamia kwenye maneno ya watu si ajabu, kwetu limefanyika muda mrefu. Watu waliokosana tunasema wamekwaruzana. Sauti iliyochakaa inakwaruza. Kuna maneno laini na kuna mtu laini, na huyo wa mwisho inategemea anayemsema ana hasira au ana mapenzi. Sioni kwa nini ukakasi ufungiwe mdomoni.

Ninachokiona ni kwamba watu wanalitumia mahali pa utata, na hapo namuunga mkono mhariri. Utata ni kitu kuwa na maana mbili au kutofahamika. Ukakasi ni kitu kufahamika vizuri kabisa lakini kisipite kooni. Wala si ukali. Maneno makali yanachoma na unajua yanakuchoma. Maneno ya ukakasi yanaweza kusemwa kwa upole, hata kwa tabasamu, na msikilizaji akabaki anajilamba midomo asijue ameze au ateme.

Sentensi yako ya kwanza inazungumzia maana mbili, kwa hiyo andika "kina utata" na mhariri hatakuwa na kalamu ya kuinua. Ya pili ipeleke kwake tena kama ilivyo, ila ongeza mwenyekiti alisema nini hasa. Kauli yenyewe ikiwa mbele ya msomaji, ataonja mwenyewe kama inakwaruza.